Kwanini tunaogopa kumwalika Myahudi mwenzetu mezani

Nikiwaambia watu wa nyumbani Kenya kwamba hata Wayahudi wana watu wanaozunguka kuwavuta wengine kwenye dini, wanafikiria mhubiri wa kwenye matatu au daawa ya sokoni, yaani tunatafuta waumini wapya. Hapana jamani. Dini yetu haitafuti watu wa nje, na hata mtu akija mwenyewe anataka kuingia, rabi kwa desturi anamrudisha kwanza, anamwambia kafikirie tena, mpaka aone kweli amekusudia. Kazi ninayotaka kuiongelea ni ya ndani kwa ndani: Myahudi anayeshika Sabato, ile siku yetu ya kupumzika kuanzia Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi usiku, na kula kosha, yaani vyakula na vyombo vinavyoruhusiwa na sheria yetu, kumfikia Myahudi mwenzake ambaye hayashiki hayo, au anayashika nusunusu, au hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha. Huku New York inaitwa kiruvu. Wapo wanaoifanya kama ajira, wameisomea, wametumwa. Mi naongelea sisi wengine, walimu na manesi na wahasibu, tunaokaa na hawa ndugu zetu ofisini mwaka mzima na hatufungui mdomo, na tukiulizwa kwanini tunasema "naheshimu maisha ya mtu." Hilo jibu nimelitumia sana, na sa hii haliniingii akilini tena.

Mi nimezaliwa Nairobi. Upande wa mama, babu na bibi walifika Kenya wakikimbia Ujerumani ya Hitler, kama familia nyingine kadhaa zilizopata kibali cha kuingia koloni miaka ile ya mwisho ya 1930, na baba ni Mkikuyu, kwa hiyo kisheria mi ni Myahudi manake kwetu Uyahudi unafuata mama. Sinagogi letu liko pale University Way inapokutana na Uhuru Highway, wengi mnapita kila siku na hamjui nyuma ya ule ukuta kuna nini. Ni jamii ndogo, na jamii ndogo haiwezi kubaguana. Sala ya pamoja inataka wanaume 10 waliofikisha miaka 13, wakiwa 9 hamna kadishi, ile sala ya waliofiwa, hamna kusoma Torati kutoka kwenye gombo. Sasa Ijumaa jioni jua halijazama bado na wako 9, unafanyaje? Unampigia simu yule ambaye kila mtu anajua kesho yake atakuwa uwanja wa gofu, na anakuja, na hakuna anayemwuliza mchana amekula nini. Anahesabiwa wa 10, na uzito wake kwenye hiyo hesabu ni sawasawa na wa rabi. Nimekua nikiona hivyo. Kumwita mtu aje halikuwa jambo la kulifikiria mara mbili, ilikuwa lazima, bila yeye hamsali.

Halafu nikahamia Brooklyn, sehemu ya jiji la New York. Jiji la New York lina Wayahudi wanaokaribia milioni 1, na hapo ndo woga ulipoanza, inashangaza lakini ndivyo ilivyo, penye wengi hakuna anayemhitaji mwenzake. Mtaani kwangu sinagogi ziko karibu kila kona, watu 10 unawapata saa yoyote ya mchana, wanaoshika wanaishi na wanaoshika, wasioshika wana mitaa yao, mnakutana kazini tu na kazini mambo ya dini hayaguswi. Msimu wa baridi jua linazama saa kumi na nusu jioni kwa hiyo Ijumaa natoka mapema, mtu ananiona nachukua koti, ananiambia wikendi njema, na mi najua kabisa, kwa jina la ukoo wake na kwa picha ya bar mitsva ya mpwa wake, ile sherehe ya mvulana wa Kiyahudi kufikisha miaka 13, iliyoko pale mezani, kwamba huyu ni mmoja wetu. Najibu wikendi njema. Naenda zangu nyumbani kuwasha mishumaa.

Kuna namba ambazo zilinibadilisha kidogo. Utafiti wa Pew wa mwaka 2020, uliotoka 2021, ulikadiria Wayahudi wa Marekani kuwa milioni 7.5, wakubwa kwa watoto. Waothodoksi, ambao ndo kwa kawaida wanashika sheria yote, ni asilimia 9 tu ya watu wazima. Wanaokwenda sinagogi walau mara moja kwa mwezi ni asilimia 20. Ukiishia hapo utasema basi, watu wameshaondoka, waache. Lakini utafiti huohuo unasema asilimia 62 walikaa kwenye sederi, ile karamu ya usiku wa Pasaka, ndani ya mwaka uliotangulia, na asilimia 46 walifunga Yom Kipuri, siku yetu ya toba, wengine siku nzima wengine sehemu. Sasa hao si watu walioondoka. Mtu asiyekanyaga sinagogi mwezi mpaka mwezi lakini siku ya Yom Kipuri anakaa na njaa kwa hiari yake, huyo kuna kitu amekishikilia, hata kama hawezi kukueleza ni nini. Kwa hiyo ile picha tuliyonayo kichwani, ya mtu ambaye hataki kusikia, mara nyingi tumeichora wenyewe.

Woga wa kwanza, na naona ndo wa wengi, ni ule wa kusema mimi ni nani. Mi sijasoma yeshiva, yaani chuo cha dini, Talmudi, kile kitabu kikubwa cha mijadala ya marabi, nikifungua peke yangu natoka jasho, mtu akiniuliza kuhusu mageuzi ya viumbe au kuhusu mauaji ya Hitler na Mungu alikuwa wapi, nitamjibu nini? Hapa ndo namshukuru Rabi Menachem Mendel Schneerson, kiongozi wa Lubavitch, kundi la Kihasidi la Waothodoksi, aliyeshika uongozi mwaka 1951 hapahapa Brooklyn, mtaa wa Crown Heights, akafariki 1994. Yeye alikuwa anasema kama unajua alef, herufi ya kwanza tu, basi fundisha alef. Aliwatuma vijana wawiliwawili, mume na mke, waende kuishi mahali ambapo Wayahudi wapo na mafundisho hayapo, na leo wako kwenye nchi zaidi ya 100, hata Kinshasa wapo tangu 1991, na kule Kathmandu sederi yao inakusanya vijana wa Kiisraeli wanaopanda milima, mamia kwa mamia, wengi wao nyumbani kwao hawana habari na sinagogi.

Na alipigwa vita kwa hilo, tena na watu wa dini. Juni 1967, siku chache kabla ya ile vita ya siku sita, alianzisha kampeni kwamba kila mwanaume Myahudi avae tefilini, vile visanduku vyeusi vya ngozi vyenye aya za Torati ndani, kimoja mkononi kimoja kichwani, hata kama ni mara moja maishani na hata kama ni njiani amesimama. Waheshimiwa wengine walikasirika, utamvishaje kitu kitakatifu mtu ambaye Jumamosi anaendesha gari na hana mpango wa kuacha? Msimamo wa Rabi ulikuwa kwamba mitsva moja, yaani amri moja iliyotimizwa, ina thamani yake yenyewe, hata kama ya pili haikuifuata. Nimelifikiria sana hili na naona ndo linaloondoa mzigo mabegani kwa mtu kama mimi. Kama lengo ni kumbadilisha mtu mzima mzima kuanzia jiko lake mpaka ndoa yake, basi kweli niogope, manake mi sina uwezo huo na wala sina haki hiyo. Kama lengo ni Ijumaa moja, mishumaa miwili, kikombe cha divai na supu ya kuku, hilo naliweza.

Woga wa pili ni kwamba ataona namhukumu. Na huu una ukweli ndani yake, kwa sababu wapo wanaohukumu. Kwenye vitabu vyetu kuna jina la kisheria la Myahudi aliyekulia mbali na Torati, anaitwa mtoto aliyetekwa, yaani kama mtoto aliyechukuliwa akiwa mdogo akalelewa na wageni, hana kosa, angejuaje? Maimonides, karne ya 12, aliitumia hoja hiyo kwa watoto wa Wakarai, kundi lililokataa mapokeo ya marabi, akaandika kwamba watu kama hao wavutwe kwa maneno ya amani mpaka warudi. Ni hoja ya huruma, inamwondolea mtu lawama, na marabi wengi wa siku hizi wanaiegemea. Ila jamani hiyo ni hoja ya mahakamani, si ya kumwambia mtu usoni. Mwanamke ana miaka 50, ni daktari bingwa wa moyo, amesoma kuliko mimi na wewe, halafu ajue kwamba wewe kichwani unamwita mtoto aliyetekwa? Hilo neno libaki kwenye vitabu, lifanye kazi yake ya kukunyamazisha wewe usimlaumu, basi. Mtu akikaa mezani kwangu ni mgeni wangu, na kama anajua falsafa au muziki au historia ya Wayahudi wa Poland kuliko mimi, na mara nyingi anajua, basi usiku huo mi ndo mwanafunzi.

Sasa woga ambao siuiti woga, nauita tahadhari, na mtu akikuambia uupuuze usimsikilize. Ni habari ya familia. Kijana wa miaka 19 yuko chuo, anaalikwa, anapenda, anaanza kushika Sabato, anarudi nyumbani likizo na hawezi tena kula kwenye sahani za mama yake. Ebu fikiria huyo mama. Amepika siku mbili, vyakula vyote anavyovipenda mwanawe tangu mdogo, na mwanawe amekaa na kisahani cha plastiki anakula jodari wa kopo. Kwa mama yule si mambo ya kosha, anasikia anaambiwa mapenzi yake ni najisi. Nimewahi kukaa na mama wa namna hiyo jikoni kwangu akalia. Aliyemvuta yule kijana hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na haraka, na kule alikokuwa anafanya kazi walikuwa wanahesabu ni wangapi "wamerudi" kila mwaka na hesabu inapelekwa kwa wafadhili, na ukishaanza kuwahesabu watu kwa namna hiyo huwezi tena kumwambia kijana punguza mwendo, kwanza kaa na mama yako mzungumze, tafuteni sufuria mbili mpya zikae kwake, mpike pamoja. Amri ya kumheshimu baba na mama iko kwenye zile 10, haikuondolewa kwa ajili ya sahani. Mi nikimwalika mtu mdogo nataka mzazi ajue. Nikimwalika mtu mzima namwambia wazi kwamba mi nashika Sabato, naipenda, ningefurahi ukiionja, na usipoipenda tutabaki marafiki vilevile, na hilo la mwisho lazima liwe kweli, manake watu wanajua, wiki ya tatu asipokuja ukaacha kumsalimia, amekujua.

Na kuna tatizo la sheria ambalo watu wa nje hawalijui. Sabato haturuhusiwi kuendesha gari, wala kupanda treni. Sasa nikimwalika mtu anayeishi Queens aje Ijumaa usiku na najua atarudi kwa gari, si nimemsababisha avunje Sabato kwa ajili ya kuja kuiadhimisha? Marabi wakubwa wamevutana hapo. Rabi Moshe Feinstein, aliyekuwa mwamuzi mkubwa wa sheria hapa New York mpaka alipofariki 1986, alikataza kumwalika mtu ukijua ataendesha. Rabi Shlomo Zalman Auerbach wa Yerusalemu aliona inawezekana, mradi umempa kwa moyo mweupe nafasi ya kulala karibu, hata kama mwishowe ataamua mwenyewe kuondoka. Wengi wanaofanya kiruvu wanafuata njia hiyo ya pili. Mi nimenunua kitanda cha kukunja. Namwambia mtu njoo kabla jua halijazama, kitanda kipo, shuka safi zipo, mswaki mpya upo bafuni, kaa mpaka Jumamosi usiku nyota zikitoka. Ajabu ni kwamba wengine wanakubali, wanakaa masaa 25 bila simu, na wanachokuja kukisifia baadaye hata si dini, ni usingizi.

Niseme na jambo linaloniuma. Ijumaa mchana pale Manhattan kuna wasichana wanaosimama na mishumaa ya Sabato, wanawauliza wanawake wanaopita, samahani, wewe ni Myahudi? Ni kazi nzuri na inataka ujasiri, msichana wa miaka 15 kusimamisha watu wazima kwenye ule umati. Mi huwa nawapita polepole kabisa. Hawaniulizi. Sura yangu haimo kwenye orodha yao. Siwalaumu wale watoto, wameelekezwa na macho yao, ila nataka wanaofundisha hii kazi wajue kwamba kukerwa na swali ni kitu kidogo, kunapita. Kutoulizwa hakupiti. Wapo Wayahudi weusi, wapo waliotoka Ethiopia na Yemen, wapo walioasiliwa Uchina wakalelewa na familia za Kiyahudi, na wapo pia wale ambao baba tu ndo Myahudi. Hao wa mwisho ni wagumu zaidi, kwa sababu Waothodoksi hawawahesabu, wakati Reform, vuguvugu la Wayahudi wa mrengo huria hapa Marekani, liliwakubali rasmi mwaka 1983, kwa hiyo mtu amelelewa sinagogi maisha yake yote halafu anakutana na kijana mwenye tefilini anayemwuliza "mama yako je?" na akijibu anaona uso wa kijana unabadilika. Siwezi kubadilisha sheria ninayoiamini. Lakini mezani kwangu sihitaji 10, na supu haimwulizi mtu mama yake ni nani.

Kilichonisukuma nikaacha kusitasita kabisa ni msiba. Yule mwenzangu wa kazini mwenye picha ya bar mitsva alifiwa na baba yake. Aliporudi ofisini alikuja mezani kwangu, akavuta kiti, akaniuliza kwa sauti ya chini, ile sala ya marehemu naipata wapi? Alikuwa anaulizia kadishi. Kwetu mtoto anaisema kwa ajili ya mzazi miezi 11, kila siku, na haiwezi kusemwa bila wale 10, na maneno yake karibu yote ni ya Kiaramu na hayataji kifo hata mara moja, zaidi ni kumsifu Mungu. Hakujua hata moja kati ya hayo. Zile siku 7 za kukaa nyumbani baada ya mazishi, ambazo Mkenya yeyote angezielewa mara moja kwa sababu ni matanga, watu wanakuja kwako, wanaleta chakula, wanakaa nawe, hakukaa, manake hakuna mtu aliyemwambia zipo na alizika akarudi kwenye nyumba tupu. Nikamwandikia kadishi kwa herufi za kawaida, nikampeleka kwa watu wa sinagogi moja karibu na ofisi wanaosali mchana. Tukiwa njiani akaniambia kitu ambacho sikukitegemea. Kwamba alijua mi nashika dini tangu siku ya kwanza, na kila Ijumaa nilipokuwa natoka alitamani kuniuliza naenda kufanya nini, ila aliogopa nitagundua jinsi asivyojua lolote.

Yaani wote wawili. Mi naogopa kumkera, yeye anaogopa kuaibika, na kati yetu kuna meza mbili na mashine ya kahawa. Hillel, mmoja wa wahenga wetu wa kale, kwenye Pirkei Avot, kitabu cha misemo ya wahenga, alishasema zamani: mwenye haya hajifunzi, na mwenye hasira hafundishi. Watu wa kiruvu wanaupenda sana huo mstari kwa ajili ya wanafunzi. Mi nauelekeza kwetu tunaoshika. Kama mwenye haya hawezi kuanza, basi nani aanze?

Hagada, kitabu tunachokisoma kwenye sederi ya Pasaka, inalijibu hilo waziwazi. Kuna wana wanne pale, mwenye hekima, mwovu, wa kawaida, na yule asiyejua kuuliza, na wa mwisho huyo maandiko hayamwambii baba subiri mpaka aulize, yanasema wewe mfungulie. Rabi Schneerson aliandika mwaka 1957 kwamba siku hizi kuna wa tano, ambaye hayupo mezani kabisa, hata yule mwovu angalau amekuja, anabishana, yuko kwenye kiti. Na kuna yale maneno ya mwanzo wa sederi, tunayasema kwa Kiaramu tukiwa tumeinua mkate usiotiwa chachu: kila mwenye njaa na aje ale, kila mwenye shida na aje afanye Pasaka. Tangu mdogo nilikuwa najiuliza tunamwambia nani wakati mlango umefungwa na kila mtu ameshakaa. Sasa nimeamua hayo maneno kwangu yanaanza wiki 3 kabla, kwenye wasapu.

Mwaka huu huyo mwenzangu anakuja na dada yake. Dada hajakaa sederi tangu wakiwa watoto, alinitumia meseji ndefu sana, anauliza avae nini, kama ni lazima asome Kiebrania mbele za watu, kama mtu akila chakula cha mchana siku hiyo ni dhambi, na je akichoka katikati anaweza kulala, manake amesikia inaenda mpaka usiku wa manane. Nimemjibu moja baada ya jingine. Vaa unachopenda, Hagada zetu zina tafsiri, mchana kula lakini mkate wa kawaida hapana, kuanzia asubuhi ya siku hiyo hauliwi tena, na ndiyo inaenda mpaka usiku wa manane, wajomba wangu wa ukweni wanapenda kubishana. Kitanda cha kukunja nimempa yeye, kaka yake atalala sebuleni.